Sir David Bruce: Mwanajeshi Aliyemfichua Mbung'o

Malale si jina geni kwa wakaaji wa Iyolwa na Busia, kwani hata katika miaka ya 1980 ugonjwa huo uliwaandama tena watu wa Tororo. Aliyethibitisha jinsi unavyoenezwa ni daktari wa jeshi, marehemu Sir David Bruce.

Alizaliwa Melbourne, Australia, mwaka 1855, akalelewa Uskochi na kuhitimu udaktari Edinburgh. Mwaka 1883 aliingia jeshini, akamwoa Mary Steele, mwenzi wake mbele ya darubini maisha yote. Huko Malta, mwaka 1887, alitambua kijidudu cha homa ya kisiwa hicho. Kisha alitumwa Zululand, akaonyesha kwamba nagana ya ng'ombe huletwa na vimelea vinavyobebwa na mbung'o.

Machi 1903 aliwasili Entebbe. Malale yalikuwa yakiteketeza Busoga na mwambao wa ziwa. Kabla hayajapoa yalichukua roho zaidi ya 200,000. Daktari Castellani alikuwa amekwisha kuona vimelea katika maji ya uti wa mgongo wa wagonjwa, naye akamweleza Bruce. Baadaye ulizuka ugomvi hadharani juu ya nani mgunduzi. Kwa maoni yetu heshima hiyo yafaa igawanywe. Walakini swali la mwenezaji lilijibiwa na Bruce, tena kwa mbinu ya kijeshi. Kwa msaada wa Katikiro Apolo Kagwa, machifu na wamisionari walikusanya inzi kila upande, na mahali walipopatikana pakatiwa alama katika ramani. Palipokuwa na malale palikuwa na mbung'o. Kuanzia mwaka 1906 Gavana Hesketh Bell aliwahamisha watu kutoka mwambaoni, wakaacha migomba na makaburi ya wazee wao.

Vimelea vikipenya ubongoni, mgonjwa husinzia mchana na kukesha usiku, akili humpotea, na asipotibiwa hufa. Siku hizi yajulikana kuwa damu ya binadamu inayo protini iuayo vimelea vya jamii hiyo. Lakini vile vya Tororo vina jeni iitwayo SRA, itengenezayo protini ya kuizima silaha hiyo. Ng'ombe huweza kuvibeba pasipo kuonekana mgonjwa, na kuvihamisha kutoka mnada hadi mnada.

Bruce alirudi Uganda mwaka 1908, na hatimaye akapata cheo cha Meja Jenerali. Mary alifariki Novemba 1931. Siku nne baadaye, wakati wa ibada ya mazishi ya mkewe, Bruce naye akakata roho, akiwa amekwisha kuagiza kwamba sifa za kazi yake ziwe za wote wawili.