Daktari aliyejitia pumu ili wengine wapumue

Kama una pumu, hali hii waijua vizuri. Kifua kinabana, kila pumzi inatoka na mluzi, na marafiki wanakutazama tu bila kujua la kufanya. Sasa hebu fikiria mtu anayejiletea shida hiyo makusudi, tena si mara moja, bali wiki baada ya wiki kwa miaka. Mtu huyo alikuwa Daktari Roger Altounyan.

Alizaliwa mwaka wa 1922 katika ukoo wa madaktari wenye asili ya Armenia. Babu yake alianzisha hospitali mjini Aleppo, Syria, na babake akafanya kazi huko huko. Akiwa mtoto, Roger na dada zake walijifunza kuendesha mashua katika ziwa la Coniston, Uingereza. Mwandishi Arthur Ransome, rafiki wa familia, aliazima majina ya baadhi ya watoto hao katika kitabu chake Swallows and Amazons cha mwaka wa 1930. Kwa hivyo Roger alikuwa maarufu kabla hajabalehe!

Wakati wa Vita Vikuu vya Pili vya Dunia alifunza marubani wa jeshi la Uingereza. Baadaye, akiwa daktari, alirudi kuhudumu Aleppo, kisha katikati ya miaka ya 1950 akahamia Uingereza na kuajiriwa na kampuni ya dawa.

Huko walikuwa wakichunguza kemikali zilizotokana na khella, mmea uliotumika kama dawa tangu jadi Mashariki ya Kati. Shida ilikuwa moja: wanyama wa maabara hawaugui pumu kama ya binadamu. Basi wangejuaje kama dawa inafanya kazi? Roger, ambaye mwenyewe alikuwa na pumu, akaamua mwili wake ndio uwe maabara.

Alijua manyoya ya simbilisi humletea mzio. Akawa anameza au kuvuta kemikali mpya, kisha anavuta maji yaliyochanganywa na manyoya hayo, halafu anapima pumzi zake. Dawa ikifeli, anabanwa kifua. Wakubwa wake hawakuwa na imani kubwa na mradi huo, lakini hakuuacha.

Mnamo 1965 hatimaye ikapatikana kemikali iliyofaa: sodiamu kromoglikati. Kazi yake ni kuzuia seli fulani za kinga zisimwage histamini na kemikali nyingine zinazofanya njia za hewa zivimbe. Kwa kuwa ni unga, Roger alisaidia kubuni kifaa cha kuuvutia. Na hapo ujuzi wa urubani ukamfaa: ndani yake mna propela ndogo inayozunguka unapovuta pumzi na kutawanya unga hadi mapafuni.

Watoto wengi walinufaika, maana dawa hiyo ina madhara machache. Siku hizi inhela za steroidi zimechukua nafasi yake kwa sababu zina nguvu zaidi, lakini wazo lile limebaki: pumu huzuiwa kabla haijakushika.

Hapo ndipo wengi wetu hukosea. Tukijisikia fiti, inhela ya kuzuia tunaitupa kabatini. Wengine wanaificha wasichekwe na wenzao. Kumbuka ile ya kuzuia hutumiwa hata ukiwa mzima, jinsi daktari alivyoagiza, na ile ya kufungua kifua haifai kukaa mbali nawe.

Roger alifariki mwaka wa 1987 akiwa na umri wa miaka 65. Dawa yake haikuponya pumu, wala haikumponya yeye. Na usijaribu alivyofanya: leo dawa hujaribiwa chini ya sheria kali, na shambulio moja la pumu laweza kuua. Ila ukitoa inhela yako mbele ya watu, usione haya. Kuna mtu aliyebanwa kifua mara nyingi sana ili wewe upumue.