Mo Amin, mtoto wa reli aliyeionyesha dunia njaa

Mohamed Amin alizaliwa Eastleigh, Nairobi, mwaka 1943, baba yake akiwa mwashi wa reli. Alikulia Dar es Salaam, na huko ndiko alikofungua kampuni yake ya picha na filamu, Camerapix, mwaka 1963, angali kijana wa miaka ishirini. Hakutaka kuajiriwa. Zanzibar walimtia jela karibu mwezi mzima mwaka 1966.

Mwaka 1984 ukame ulikaza. Kitui na Makueni (Makueni siku hizo ilikuwa bado ndani ya Machakos) Wakamba waliipa njaa ile jina la Nikw'a Ngwete, yaani nafa na pesa mkononi: fedha mtu anazo, mahindi ya kununua hakuna. Serikali yetu iliwahi kuagiza mahindi ya nje. Ethiopia haikupata bahati hiyo. Oktoba Mo aliingia Korem na kamera yake, pamoja na Michael Buerk wa BBC. Picha zile ziliishtua dunia, michango ikamiminika, na mwaka uliofuata ikafanywa Live Aid. Watu huwataja waimbaji. Mpiga picha, kwa maoni yangu, amepunjwa.

Mwaka 1991 mlipuko wa ghala la silaha Addis Ababa ulimpotezea mkono wa kushoto. Alivaa wa bandia, akarudi kazini. Tarehe 23 Novemba 1996 ndege ya Ethiopia aliyoipanda ilitekwa, ikaishiwa mafuta, ikaanguka baharini karibu na Ngazija. Alikuwa miongoni mwa watu 125 waliokufa. Allah amrehemu.