Fanny Hensel na trio yake

Fanny Mendelssohn alizaliwa Hamburg, Ujerumani, tarehe 14 Novemba 1805. Familia ilihamia Berlin angali mdogo. Huko yeye na mdogo wake Felix walifundishwa utunzi na mwalimu mmoja, Carl Friedrich Zelter, na alipofika miaka 13 Fanny aliweza kupiga preludi 24 za Bach kwa kichwa. Mwaka 1820 baba yao alimweleza kwa barua kwamba kwa Felix muziki huenda ukawa kazi, ila kwake yeye ungebaki pambo.

Hakuacha kutunga. Nyimbo zake sita zilichapishwa ndani ya Opus 8 na Opus 9 za Felix, bila jina lake. Mwaka 1842 Malkia Victoria wa Uingereza alimwimbia Felix mmoja wa nyimbo hizo, na Felix ikambidi akiri kwamba mtunzi ni dada yake.

Mwaka 1829 Fanny aliolewa na mchoraji Wilhelm Hensel, ambaye alimhimiza atunge. Nyumbani kwao aliandaa matamasha ya Jumapili. Mwaka 1846, akiwa na miaka 40, aliamua kuchapisha kazi zake kwa jina lake mwenyewe.

Trio yake ya piano, fidla na selo, katika ngazi ndogo ya re, ilipigwa nyumbani tarehe 11 Aprili 1847, siku ya kuzaliwa ya mdogo wake Rebecka. Inaanza kwa kasi: piano inatiririka kama mto wa masika, na juu yake fidla na selo zinaimba kwa sauti pana. Sehemu ya pili ni tulivu. Ya tatu ni fupi, nayo aliiita Lied, yaani wimbo, ingawa hauna neno hata moja. Ya nne inafunguliwa na piano peke yake, kama mtu anayewaza kwa sauti kabla wenzake hawajaingia.

Mwezi mmoja baadaye, tarehe 14 Mei, alipatwa na kiharusi akiwa katika mazoezi ya muziki, akafariki. Felix alimfuata Novemba hiyo hiyo. Trio ilichapishwa mwaka 1850 kama Opus 11, kisha kwa zaidi ya miaka mia moja ikapigwa mara chache mno.

Nasi tuna la kujiuliza. Kwetu Walikale, utendi wa Mwindo ulisimuliwa mwaka 1956 na Mnyanga aitwaye Rureke. Kitabu kilichotoka mwaka 1969 twakitaja kwa majina ya wahariri wake, Biebuyck na Mateene. Wao walimtaja Rureke ndani. Sisi ndio tunaomruka. Mimi nilimruka katika kazi yangu ya darasani, na hakuna aliyenisahihisha. Nikirudi Buleusa kurekodi nyimbo, jina la mwimbaji nitaliandika kwanza, kabla ya langu.