Profesa Odhiambo na Tezi ya Nzige

Nilipoingia kidato cha tatu mwaka huu, jina langu lilikuwa katika orodha ya wale wanaotaka kuacha Biolojia. Niliona ni somo la kukariri tu. Tulipofika mada ya ukuaji, mwalimu akatueleza juu ya tezi ndogo za wadudu zinazotoa homoni ya utoto. Nikaona hayo ni mambo ya Wazungu na maabara zao, hayanihusu ndewe wala sikio mimi mtoto wa Ruiru ninayesomea Thika.

Kumbe sikujua. Baada ya kipindi, mwalimu alituambia kuwa mmoja wa watu waliozichunguza tezi hizo kwa undani alikuwa Mkenya, na kwamba kituo alichokianzisha kiko Kasarani, karibu na barabara ile ile ya Thika tunayoipita tukienda Nairobi. Nilishangaa sana, nikaamua kumtafuta vitabuni.

Huyo ni Profesa Thomas Risley Odhiambo. Alizaliwa Mombasa mwaka wa 1931. Alisoma katika Shule ya Maseno, kisha Makerere, halafu akafanya kazi Uganda akichunguza wadudu wanaoharibu mimea. Baadaye alivuka bahari hadi Chuo Kikuu cha Cambridge, Uingereza, akawa mwanafunzi wa Vincent Wigglesworth, bingwa wa mambo ya miili ya wadudu.

Hapo ndipo alipokutana na tezi yenyewe. Wacha nieleze. Sisi binadamu tuna tezi ya pituitari chini ya ubongo. Ubongo huipelekea kemikali za kuiamuru, nayo pituitari huziamuru tezi nyingine. Nzige hana pituitari, lakini mpango wake unafanana na huo. Ubongo wake huziamuru tezi zilizo nyuma yake, na miongoni mwa hizo kuna jozi moja ndogo mno iitwayo korpora alata. Katika tunutu, yaani nzige mchanga asiye na mabawa kamili, homoni ya tezi hizo humzuia asikomae mapema. Akishakuwa mzima, homoni hiyo hiyo hufanya kazi nyingine, ile ya kumtayarisha kuzaa.

Tatizo lilikuwa hili: wakati huo hakuna aliyejua homoni hiyo imeundwa kwa kemikali gani. Umbo la homoni ya kwanza ya aina hiyo lilijulikana mwaka wa 1967, tena katika nondo. Basi utatafutaje kitu usichoweza kukishika? Odhiambo alifuata nyayo zake. Aliwapasua nzige dume wa jangwani, akawatoa tezi hizo, kisha akatazama ni nini kimepotea. Nzige wale walitembea kidogo kuliko wenzao na mafuta yakarundikana mwilini. Dume asiye na tezi hizo hata rangi ya manjano ya ukomavu haipati, na hamu ya jike humwisha. Hakukomea hapo. Alizitazama seli za tezi yenyewe kwa hadubini ya elektroni ili aone ndani zinafanya kazi vipi, na matokeo yakachapishwa mwaka wa 1966.

Hapo kwenye rangi ndipo niliposhtuka. Mwaka wa 2020 nzige walivamia shamba la nyanya yangu upande wa Mwingi. Alipiga debe mpaka mikono ikauma, lakini ndengu ziliisha zote. Alimwambia mama kwa simu kwamba wa kwanza walikuwa wekundu kama waridi, na waliokuja baadaye walikuwa manjano. Sisi tulidhani ni aina mbili. Kumbe ni nzige wale wale. Wa manjano ndio waliokomaa, walio tayari kutaga mayai. Nyanya aliiona kazi ya tezi ile kwa macho yake, ila hakuna aliyemweleza.

Odhiambo alirudi nyumbani akafundisha chuo kikuu Nairobi. Mwaka wa 1970 alianzisha ICIPE, kituo cha kimataifa cha kuchunguza wadudu, akakiongoza hadi 1994. Alitaka Waafrika wachunguze wadudu wa Afrika papa hapa Afrika, badala ya kungoja majibu kutoka ng'ambo. Mwaka wa 1985 aliongoza kuundwa kwa Chuo cha Sayansi cha Afrika, na mwaka wa 1987 alipata Tuzo ya Afrika ya uongozi wa kumaliza njaa, pamoja na Rais Abdou Diouf wa Senegal. Aliaga dunia mwaka wa 2003, kabla sisi hatujazaliwa. Kambi ya ICIPE huko Mbita, kando ya Ziwa Viktoria, ina jina lake.

Sitaki kumdanganya mtu. Kuijua tezi hiyo hakukuziokoa ndengu za nyanya. Mwaka ule nzige walipigwa dawa kwa ndege. Kazi bado ipo. Lakini nani ataifanya ikiwa sisi tunaotoka kwenye mashamba hayo tunalikimbia somo?

Jina langu nimelifuta katika ile orodha. Na likizo ijayo nikienda Mwingi, nitamweleza nyanya habari ya zile rangi mbili.