Haagen-Smit: Mkemia aliyefumbua fumbo la moshi wa Los Angeles

JULAI 1943, Vita vya Pili vya Dunia vikiwa vimepamba moto, wakazi wa jiji la Los Angeles, Marekani, walishtuka kuona mji wao umegubikwa na ukungu mzito uliowachoma macho na kuwakereketa koo. Baadhi yao walidhani adui amewashambulia kwa gesi ya sumu.

Kidole cha lawama kilielekezwa kwa kiwanda kimoja kilichotengeneza malighafi ya mpira bandia kwa matumizi ya vita. Kiwanda hicho kilifungwa kwa muda, lakini ukungu haukuondoka.

Aliyekuja kufumbua fumbo hilo hakuwa bingwa wa masuala ya hewa wala ya viwanda. Alikuwa Arie Jan Haagen-Smit, mkemia aliyejipatia sifa kwa kuchunguza homoni za mimea na ladha ya vyakula, likiwemo nanasi.

Haagen-Smit alizaliwa Utrecht, Uholanzi, Desemba 22, 1900. Alipata shahada ya uzamifu katika chuo kikuu cha mji huo mwaka wa 1929. Mnamo 1936 alivuka bahari hadi Chuo Kikuu cha Harvard, Marekani, na mwaka uliofuata akajiunga na taasisi ya teknolojia ya Caltech iliyoko Pasadena, karibu na Los Angeles. Hapo ndipo alipofundisha na kutafiti hadi alipostaafu mwaka wa 1971.

Mwaka wa 1947, kaunti ya Los Angeles iliunda idara ya kupambana na uchafuzi wa hewa. Wataalamu walifuata mkondo wa miji iliyotegemea makaa ya mawe, kama vile St. Louis, wakasaka masizi na gesi ya salfa. Viwanda vilibanwa, hali macho ya wananchi yaliendelea kuwasha. Los Angeles iliendeshwa zaidi kwa mafuta na gesi kuliko makaa ya mawe, na hapo ndipo dawa ya kuazima iliposhindwa kuponya.

Haagen-Smit alipoombwa msaada, alitumia mbinu ile ile aliyoitumia kunasa harufu ya nanasi. Alivuta hewa nyingi ya Pasadena na kuipitisha katika mitego yenye baridi kali. Kilichobaki kilikuwa matone machache ya rangi ya kahawia, yenye harufu kali ya kuudhi. Ndani yake aligundua kemikali ambazo asili yake ilikuwa petroli, zikiwa zimebadilishwa hewani.

Kuanzia hapo aliweza kueleza mkasa mzima. Mvuke wa petroli kutoka kwa magari na viwanda vya kusafisha mafuta ulikutana na oksidi za nitrojeni zinazotolewa na injini na matanuri. Jua kali la California likavichemsha vyote pamoja na kuzaa ozoni, gesi inayodhuru mapafu. Sehemu ya mvuke huo iligeuka chembechembe ndogo mno zinazoelea, nazo zikaifunika milima isionekane.

Hakuishia kwenye nadharia. Aliiweka mimea katika mchanganyiko wa ozoni na mvuke wa petroli, na majani ya spinachi yakaharibika sawasawa na yale ya mashamba yaliyopigwa na ukungu. Vipande vya mpira vilivyokunjwa vilipasuka upesi hewa ilipojaa ozoni, naye akavitumia kama kipimo chake.

Matokeo hayo hayakuwafurahisha wote. Taasisi ya utafiti ya Stanford, ambayo uchunguzi wake kuhusu moshi huo uligharimiwa na sekta ya mafuta, iliyapinga. Upinzani huo haukumrudisha nyuma; ulimchochea kuweka kando mimea yake na kulivalia njuga suala la hewa. Kadiri majaribio yalivyorudiwa, ndivyo maelezo yake yalivyozidi kukubalika katika miaka ya 1950.

Lililokuwa gumu zaidi ni kuwashawishi wananchi. Kulaumu bomba la kiwanda ni rahisi. Kukiri kwamba gari unalolipenda ndilo linalokuchoma macho ni jambo jingine. Kikulacho ki nguoni mwako, na kwa watu wa Los Angeles kilikuwa kimeegeshwa nyumbani mwao.

Mwaka wa 1968, Haagen-Smit alikuwa mwenyekiti wa kwanza wa bodi ya California ya kusimamia ubora wa hewa, akasukuma masharti makali kuhusu moshi wa magari. Mwaka wa 1973 alitunukiwa Nishani ya Taifa ya Sayansi. Magari mengi mapya ya mwaka wa 1975 nchini Marekani yalikuja na kifaa cha kusafishia moshi kabla haujatoka kwenye ekzosi.

Aliaga dunia Machi 17, 1977, kwa saratani ya mapafu, muda mfupi baada ya maabara ya bodi hiyo mjini El Monte kupewa jina lake.

Los Angeles haijatakasika kabisa. Bado ni miongoni mwa miji ya Marekani inayosumbuliwa zaidi na ozoni. Hata hivyo, idadi ya magari imeongezeka mno tangu enzi zake ilhali hewa imekuwa safi kuliko alivyoikuta. Nafuu hiyo ilianza siku jiji lilipoacha kukisia adui na kukubali kupima hewa lililoivuta.