Kanali Stoneham na wosia wa Kitale

Wahenga walinena kwamba mali bila daftari huisha bila habari. Methali hii hunijia kila nikumbukapo maisha ya Luteni Kanali Hugh Stoneham, ambaye jina lake ni nadra kutajwa madarasani, ilhali bila yeye Jumba la Makumbusho la Kitale lisingalikuwapo.

Stoneham alikuwa mwanajeshi Mwingereza na mlowezi wa Trans-Nzoia. Tangu utotoni alipenda kukusanya wadudu, wanyama na vitabu. Mnamo 1926, mwaka ambao reli ilifika Kitale, alianzisha jumba lake binafsi la makumbusho. Vipepeo ndio waliomvutia zaidi, na aina alizozichunguza alizieleza katika jarida la jumba hilo.

Tusimtukuze kupita kiasi. Aliishi katika nyanda zilizotengewa Wazungu, ambako Mwafrika hakuruhusiwa kumiliki shamba. Hata hivyo, haki inatudai tukiri alilolitenda. Alipofariki mwaka 1966, wosia wake uliliachia taifa la Kenya makusanyo yake pamoja na fedha za kujengea jumba jipya. Jumba hilo lilifunguliwa Desemba 1974, likawa la kwanza kati ya majumba ya mikoani huko bara. Hazina ya mtu mmoja ikawa mali ya umma.

Lakini mali ya umma ina maadui. Kipepeo mkavu huvunjika kwa mguso mdogo. Unyevu huleta kuvu, na vibuu vya mende wadogo hutafuna kielelezo kikabaki vumbi. Kijikaratasi chenye mahali na tarehe kikipotea, kielelezo hupoteza sehemu kubwa ya thamani yake kwa mtafiti.

Je, tuvifungie vitu hivi ili visidhurike? La hasha! Jumba lisiloingiwa na watu ni ghala tu. Mwanafunzi wa Bungoma ana haki ya kuviona, hata kama karo humshinda mzazi wake. Asiyeona naye anastahili kupapasa chungu au pembe, vitu vivumiliavyo mkono, huku vilivyo dhaifu vikibaki ndani ya vioo. Mwenye kiti cha magurudumu apate njia isiyo na ngazi.

Na ajali ikitokea? Maoni yangu ni kwamba anayevunja kitu kwa bahati mbaya asikaripiwe hadharani. Mtoto aliyetishwa huficha vipande, na kwa kuvificha humnyima fundi nafasi ya kuviunganisha. Vipande vyote viokotwe, tukio liandikwe siku hiyohiyo, kisha chanzo chake kirekebishwe: pengine meza iliyumba, au kundi lilikuwa kubwa mno.

Walimu wenzangu wa Kitale na Bungoma, tuwapeleke wanafunzi wetu, nasi tuwafunze adabu ya kutazama kabla hawajapanda basi. Stoneham aliandika wosia. Daftari sasa limo mikononi mwetu.