Doppler, mwana wa mchonga mawe aliye nyuma ya kipimo cha figo

BUJUMBURA. Mgonjwa anayepandikizwa figo Nairobi au Dar es Salaam, kisha akarejea Bujumbura kwenye biashara yake, hurudi na deni la kupimwa mara kwa mara. Kipimo kimojawapo kina jina la mtu ambaye hakuwahi kuiona mashine yake: Christian Doppler.

Alizaliwa Salzburg, mji ulio Austria ya leo, tarehe 29 Novemba 1803, katika ukoo wa wachonga mawe. Afya ilikuwa dhaifu, nyundo ikamshinda, akasomeshwa hisabati. Kazi ya ualimu haikupatikana upesi. Kwa muda alishika vitabu vya hesabu katika kiwanda cha kusokota pamba, na mwaka 1835 alikuwa tayari anauza mali zake ahamie Marekani, ndipo nafasi ya kufundisha ikatokea Prague.

Huko, Mei 1842, alisoma mada kuhusu rangi za nyota. Kwa nyota alikosea, lakini kanuni yenyewe ilisimama. Mwaka 1845 Mholanzi Buys Ballot aliijaribu kwa kuwapandisha wapiga tarumbeta kwenye treni. Mchuuzi wa barabara ya Gatumba anaijua bila kusoma: honi ya lori linalokuja husikika nyembamba, likishapita huwa nzito.

Damu nayo ni kama lori hilo. Mashine ya ultrasaundi hutuma sauti ambayo sikio halisikii. Ikigonga chembe za damu zinazokwenda, hurudi imebadilika, na daktari hujua damu inapita kwenye figo kwa kasi gani. Figo iliyopandikizwa huwekwa chini ya tumbo, karibu na ngozi, kwa hiyo huonekana vizuri. Mshipa ukizibwa na damu iliyoganda, figo inaweza kufa ndani ya saa chache, na hapo safari ya kurudi Nairobi ni ndefu mno. Picha hufichua pia mkojo uliokwama na mshipa uliobana. Mwili kuikataa figo ni jambo jingine; mara nyingi huhitaji kipande kidogo kichukuliwe kwa sindano na kupimwa maabara.

Mwaka 1850 Doppler alikuwa mkuu wa kwanza wa taasisi ya fizikia ya Chuo Kikuu cha Vienna. Kifua kilimzidi. Akaenda Venice kutafuta hewa ya joto, akafia huko tarehe 17 Machi 1853, akiwa na miaka 49.